Uzi: Kushirikisha wakazi kwenye upangaji wa mitaa na nyumba za umma Dodoma. Kazi yenyewe iko kabla mchoro haujachorwa

Mchoro_Kwanza

Habari wakuu. Uzi huu ni kwa ajili ya wenyeviti wa mitaa, wajumbe wa kamati za urasimishaji (kupanga na kupima mtaa uliokwisha kujengwa ili watu wapate hati) na mkazi yeyote wa Dodoma ambaye mtaa wake umeingia, au unakaribia kuingia, kwenye upangaji na upimaji. Tangu CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu) ivunjwe Mei 15, 2017 na Dodoma itangazwe jiji Aprili 26, 2018, yaliyokuwa mashamba ya Mkonze, Nala, Ihumwa, Nzuguni na Iyumbu yamegeuka mitaa, na mpango kabambe wa 2019 hadi 2039 umeshaeleza mji unaelekea wapi. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 tayari inataka wenye ardhi na wakazi washirikishwe. Kwa hiyo sitaki tubishane kama washirikishwe au la. Tuzungumze ni lini na kwa namna gani, maana hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Msimamo wangu ni huu: mkazi ashirikishwe wakati mstari wa barabara bado unaweza kusogea. Mkutano wa hadhara ukiitwa mchoro ukiwa umeshakamilika, huo ni mkutano wa kupasha habari, hata kama daftari la mahudhurio limejaa sahihi kurasa tano.

Kazi inaanzia kwenye daftari la wakazi. Mtendaji wa mtaa anakuwa nalo, lakini mara nyingi lina mwenye nyumba tu, tena jina la marehemu baba. Lifanyieni kazi upya nyumba kwa nyumba: nani anamiliki, nani anaishi, wapangaji ni kaya ngapi, nani yuko nje ya Dodoma na namba yake ya simu, kiwanja kipi kina mgogoro wa mirathi. Msipolifanya hili mwanzoni, mgogoro wa mirathi utajitokeza siku ya kuweka bikoni (alama za mpaka wa kiwanja), na mpima atakiruka kiwanja hicho. Kukirudia baadaye ni gharama ya mtu mmoja, na watu wengi hawarudiwi.

Baada ya daftari, gaweni mtaa katika vikundi vya kaya 15 hadi 20 zinazopakana. Mtaa wa kaya 600 unatoa vikundi 30 vya kaya 20. Kila kikundi kichague wawakilishi wawili, mwanamke na mwanamume. Wawezeshaji wawili wanaweza kukutana na vikundi vitatu kwa siku bila kukimbizana, kwa hiyo vikundi 30 ni siku 10. Mkiwa na jozi mbili za wawezeshaji, ni siku tano. Kwenye kikundi cha watu 20 bibi anayejua maji yalipita wapi mwaka wa mvua kubwa atasema. Kwenye mkutano wa watu 400 uwanja wa shule hasemi, na kipaza sauti kinaishia kwa watu sita walewale.

Kikao cha kwanza cha kikundi kiwe na picha ya anga iliyochapishwa kubwa, skeli 1:1000, isiyo na mstari wowote wa mpango juu yake. Wakazi watie alama wenyewe kwa kalamu: njia za miguu zinazotumika kweli, kisima, kioski cha maji, makaburi, miti ya asili inayoheshimiwa, mahali gari la majitaka linapokwama. Karatasi hizo zibaki ofisi ya mtaa na nakala ziende kwa afisa mipango miji. Zikiondoka zote na kampuni, hamtakuwa na cha kulinganisha na mchoro utakaorudi.

Mchoro wa awali ukirudi, msiujadili ukutani tu. Uhamishieni ardhini. Kwa barabara ya mita 300, pigeni vigingi vya mti kila mita 20 pande zote mbili: vigingi 16 kila upande, jumla 32, kisha mfunge kamba ya rangi inayoonekana. Kwenye kona mwageni chokaa. Iacheni kamba hiyo siku saba. Mtu akiamka asubuhi akaona kamba imepita katikati ya choo chake, hahitaji kufundishwa kusoma ramani, na atakuja ofisini na hoja badala ya kuja na panga siku ya greda.

Nakaribisha wataalamu waongeze nyama, hasa wapima na wathamini.

---

Mpima_Ipala

Umeanza vizuri mkuu. Naongeza upande wa upimaji.

Kwanza, mipaka isiamuliwe kwa GPS ya simu. Simu inakosea mita tatu, tano, na karibu na ukuta mrefu au mti mkubwa inakosea zaidi. Inatosha kuonyesha kiwanja kiko wapi kwenye picha, basi. Mpaka unachukuliwa na kifaa cha upimaji chenye usahihi wa sentimita, majirani wote wanaopakana wakiwa wamesimama pale. Namaanisha wote. Kiwanja cha kona kina majirani wawili au watatu na barabara mbili. Akikosekana mmoja, andikeni jina lake na tarehe ya kurudi kabla hamjahama eneo.

Pili, fomu ya kukubaliana mipaka isainiwe palepale, si jioni ofisini. Jioni watu wanaleta ndugu na mabishano mapya.

Tatu, bikoni. Ya zege yenye nondo katikati na namba juu ndiyo inayodumu. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambao Dodoma upo maeneo ya mabondeni, udongo unavimba masika na kupasuka kiangazi, na bikoni fupi inainama au inachomoka. Chimbeni chini zaidi na mshindilie kwa kokoto. Kamati ya mtaa iwe na orodha ya namba za bikoni kwa kila kiwanja, kwa sababu bikoni ikingʼolewa na trekta au mafundi, orodha hiyo ndiyo inayomwezesha mpima kuirudisha bila kuanza upya.

Nne, na hili wengi hawalijui: mchoro wa mipango miji na ramani ya upimaji ni vitu viwili. Mchoro unasema barabara ipite wapi na kiwanja ni cha matumizi gani. Ramani inasema kona ya kiwanja iko kwenye nukta ipi. Mchoro ukishaidhinishwa, mpima hana mamlaka ya kusogeza barabara hata mita moja. Wakazi wanamlilia mpima siku ya bikoni wakati dirisha lao lilifungwa miezi mingi nyuma. Ndiyo maana nakazia hoja ya mtoa uzi.

---

Mpangaji_AreaC

Asanteni kwa elimu. Swali: sisi wapangaji tunahesabiwa? Mikutano mingi inasema "wamiliki wa viwanja". Mtaani kwetu wapangaji ni wengi kuliko wenye nyumba.

---

AfisaJamii_Kati

Ndugu mpangaji, mkazi ni mkazi. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote watu wazima, si wa wenye hati. Kwenye kusaini mpaka wa kiwanja mpangaji hana nafasi. Kwenye taa, dampo, kioski cha maji, njia ya watoto kwenda shule na eneo la wazi, ana nafasi sawa na mwenye nyumba, na mara nyingi anajua zaidi kwa sababu ndiye anayepita usiku. Shida ni muda. Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya kazi unawapata wazee na wenye nyumba waliostaafu. Wekeni vikao viwili kwa kikundi kilekile: kimoja Jumamosi asubuhi, kingine siku ya kazi baada ya saa kumi na moja jioni. Karatasi ile ile ya ramani itumike vikao vyote viwili.

Kuhusu wanawake: kuwaweka kwenye kamati hakutoshi kama hawasemi. Anzeni kikao kwa kuwagawa, wanawake karatasi yao na wanaume yao, kisha mlinganishe. Mara nyingi tofauti inajitokeza kwenye maji na usalama wa njia. Na pale mwanamume anapotaka kukubali kumega kiwanja chenye nyumba ya familia, mke au wake waulizwe na wasaini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwenzi mmoja kuuza, kuweka rehani au kuikabidhi nyumba ya ndoa kwa mtu mwingine bila ridhaa ya mwenzake. Kamati inayopuuza hili inajitengenezea kesi.

Kalenda nayo. Kwenye kata za pembezoni kama Hombolo, Mpunguzi, Zuzu na Chihanga, mvua zikianza Desemba watu wako shambani mpaka mavuno. Ukiitisha mkutano Januari utapata watoto na wagonjwa. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi yenu. Na kwenye vikundi vya wazee, awepo mtu wa kutafsiri Kigogo, tena atafsiri pande zote mbili, siyo kuwapelekea wazee maneno ya mtaalamu tu na kuacha yao hewani.

Jambo la mwisho kwa leo. Watu wamezoea kugawa mtaa kwa mabalozi wa nyumba kumi. Mabalozi wanaijua kila nyumba, na msaada wao ni wa kweli, lakini ubalozi ni ngazi ya chama. Vikundi vya upangaji viundwe kwa kupakana kwa viwanja na wawakilishi wachaguliwe upya, ili mkazi wa chama kingine au asiye na chama asione kikao hakimhusu. Hata baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, bado kuna mitaa ambako makundi ya uchaguzi ndiyo yanayokaa pamoja kwenye mikutano. Kikundi cha majirani wanaopakana kinapunguza hilo.

---

Mthamini_wa_Dom

Naomba nitenganishe mambo mawili ambayo wakazi wanayachanganya, na hapa ndipo wanapoumia.

Urasimishaji si utwaaji. Kwenye urasimishaji mnapanga mtaa uliokwisha kujengwa, na vipande vya ardhi vinavyotolewa kwa barabara kwa kawaida havilipwi fidia, kwa sababu mnavitoa kwa makubaliano ili kila mmoja apate hati na njia. Kwenye utwaaji Serikali inachukua ardhi kwa manufaa ya umma chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, na hapo fidia ni haki. Swali la kwanza la mkazi kwenye kikao cha kwanza liwe: hii ni ipi? Jibu liandikwe kwenye muhtasari. Mradi ukianza kwa jina la urasimishaji halafu barabara ikapanuliwa kuwa ya mita 20 kwa ajili ya mji mzima, hiyo haiko tena kwenye makubaliano ya mtaa, na mnayo hoja ya kudai uthamini.

Kwa urasimishaji, ugomvi mkubwa ni mzigo kutogawanyika. Nyumba za upande mmoja zinamegwa mita tatu, za upande wa pili hazimegwi kitu. Afisa mipango anafanya hivyo kwa sababu mstari ulionyooka ni rahisi kuchora. Waambieni vikundi vyenu vipitie kila barabara na kuuliza: tukiigawa nusu kwa nusu, inagonga nini? Tukiipinda kidogo hapa, inaokoa ukuta gani? Nimeona ni bora barabara ya ndani ya mita sita iliyopinda na kukubalika kuliko ya mita 10 iliyonyooka ambayo nusu ya mtaa inaikataa na hatimaye haifunguliwi. Gari la zimamoto linahitaji upana usiopungua mita tatu na nusu hadi nne bila nguzo wala ngazi ya duka kuingia ndani. Chini ya hapo mnahatarisha maisha ya watu, hata kama wote wamekubali.

Kwa utwaaji, mjue fidia ina vipande vyake: thamani ya ardhi na maendelezo (nyumba, ukuta, miti, mazao), posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na hasara ya faida. Posho ya makazi ni kodi ya soko ya mwezi mara miezi 36. Usafiri ni gharama ya kusafirisha tani 12 kwa umbali wa kilomita 20. Hasara ya faida ni faida halisi ya mwezi mara 36, na hapo ndipo wenye biashara ndogo wanapokosa, kwa kuwa inadaiwa kwa hesabu zenye uthibitisho. Mama ntilie au fundi cherehani aanze leo kuweka daftari la mauzo, leseni na risiti. Ardhi tupu isiyokaliwa haipati usafiri, makazi wala hasara ya faida.

Fidia ilipwe ndani ya miezi sita. Ikichelewa, riba inaanza kuhesabiwa. Na uthamini una uhai wa miaka miwili. Ukipita bila malipo, unafanywa upya. Kamati iandike tarehe ya uthamini ukutani ofisini, kila mtu aione.

Kwa wenye zabibu, mizabibu ihesabiwe kwa mche, kila mmoja na umri wake na hali yake, nanyi muwepo shambani wakati wa kuhesabu. Shamba la mizabibu inayozaa si sawa na la miche ya mwaka wa kwanza. Usisaini fomu yenye nafasi tupu kwenye safu ya idadi. Piga picha kila ukurasa kabla haujaondoka.

---

Korongo_la_Ntyuka

Mthamini umetisha. Naingia kwenye maji ya mvua, maana Dodoma watu wanadhani ni kukavu, hakuna shida. Mvua ya mwaka ni kama milimita 550 hadi 600 tu, lakini inashuka kwa vishindo kati ya Desemba na Aprili, juu ya ardhi ngumu iliyokosa majani. Korongo lililokauka miezi saba linajaa kwa nusu saa. Na upangaji unafanyika kiangazi, wakati korongo linaonekana kama kiwanja kizuri cha bei nafuu.

Wakazi ndio pekee wenye kumbukumbu ya maji. Namna ya kuichukua ni kutembea, si kukaa. Wawakilishi wa vikundi watembee kwenye korongo kuanzia juu kwenda chini, wakiwa na kopo la rangi na futi ya kamba. Kila nyumba ya pembeni iulizwe maji yalifika wapi, alama ipigwe ukutani, kimo kipimwe kutoka sakafuni, kiandikwe. Alama moja inaweza kuwa uongo au kusahau. Alama kumi mfululizo zinazoteremka kwa mpangilio mmoja, mhandisi anaweza kuzitumia kupima kina cha mtaro na ukubwa wa kalavati. Bila hizo anakadiria, na kalavati la bomba moja linawekwa mahali palipohitaji mawili, takataka zinaziba, maji yanaruka barabara na kuikata.

Kingine: ulizeni mtaro unaishia wapi. Mitaro mingi ya miradi inaishia kwenye mpaka wa mradi. Mtaa wa chini unapokea maji yote ya mtaa wa juu bila kuulizwa. Kikao cha mtaro kiwe cha mitaa yote miwili, na muhtasari usainiwe na wenyeviti wote wawili.

---

Kiongozi_Mpya

Nafuatilia kwa makini. Lakini wakuu, mkandarasi au kampuni ya upimaji ina muda wake, na wananchi wameshachangia. Kwa hizi hatua zote, si mradi unakufa?

---

Mchoro_Kwanza

Swali halali kabisa, kiongozi. Kinachoua miradi ya urasimishaji ni fedha kuisha kabla ya hati. Wizara iliwahi kuweka kikomo cha shilingi 150,000 kwa kiwanja, kampuni zikachukua michango ya mwanzo, zikachora, zikakwama kwenye viwanja vyenye mgogoro. Siku zile 10 za vikundi nilizozitaja zinatangulia, na zinapunguza migogoro inayokwamisha. Kwenye mkataba wenu na kampuni wekeni malipo kwa hatua: sehemu ndogo mkisaini, nyingine mchoro wa awali ukishajadiliwa na vikundi vyote na maoni kujibiwa kwa maandishi, nyingine mchoro ukiidhinishwa, nyingine ramani ya upimaji ikiidhinishwa. Michango iingie akaunti ya benki ya kamati yenye watia sahihi watatu, na taarifa ya benki ibandikwe kila mwezi. Mkilipa asilimia 80 mwanzoni hamna tena nguvu ya kuuliza lolote.

Kama mtu anadhani vikundi vidogo haviwezekani kwenye eneo kubwa, aangalie Mukuru, Nairobi. Kaunti ililitangaza eneo maalumu la upangaji Agosti 2017, likiwa na kaya zaidi ya 100,000. Kaya ziligawanywa kumi kumi, makundi yakaunganishwa ngazi kwa ngazi mpaka wawakilishi wa kila eneo wakakaa na wataalamu wa kupanga barabara, maji, afya na makazi. Kama kwa kaya laki moja iliwezekana, kwa mtaa wa kaya 600 wa Mnadani au Nkuhungu tusiseme haiwezekani.

Na kwetu hapahapa nchini kuna Hana Nassif, Dar es Salaam, miaka ya 1990. Wakazi walishiriki kuamua mitaro na barabara zipite wapi, na chama chao cha mtaa kikawa sehemu ya utekelezaji. Faida yake haikuwa bei tu. Watu waliojenga mtaro wanajua umejengwaje, na wanajua nani amemwaga taka ndani yake.

---

MkaziNyumbaZaUmma

Mbona mnazungumzia mitaa ya watu waliojijengea tu? Sisi tuliopanga nyumba za umma, iwe za mashirika au za watumishi, Nzuguni, Iyumbu, Njedengwa, Kisasa, tunashirikishwa wapi? Tunapewa funguo na mkataba, kisha lifti, pampu na taka vinaamuliwa na watu tusiowajua.

---

Msimamizi_wa_Majengo

Dada au kaka, hoja yako ni nzito na haijadiliwi vya kutosha hapa kwetu. Tofautisha kwanza mnunuzi na mpangaji. Walionunua sehemu ya jengo wanalindwa na Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008: wanakuwa na chama cha wamiliki, kanuni zao na mfuko wa maeneo ya pamoja. Mpangaji wa nyumba ya umma hana chama cha namna hiyo kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo anategemea mkataba na utayari wa mwenye nyumba. Hiyo haimaanishi mkae kimya.

Kitu cha kudai kwanza ni bajeti ya jengo lenu. Mfano wa kufikirika, jengo la kaya 24: walinzi wawili 600,000 kwa mwezi, umeme wa ngazi na pampu 150,000, taka 120,000, usafi wa ngazi 200,000, akiba ya matengenezo 250,000. Jumla 1,320,000, kila kaya 55,000. Mkiiona hivyo mnaweza kuamua: tupunguze mlinzi mmoja tuweke taa za jua? Tusafishe ngazi kwa zamu? Mkipewa namba moja tu ya 55,000 bila mchanganuo, mtalalamika tu. Na msikubali kamwe kufuta akiba ya matengenezo ili ada ishuke. Pampu ikiungua Oktoba, na tangi la juu likiwa tupu siku mbili au tatu, kaya 24 hazitakusanya fedha ya pampu mpya kwa siku moja.

Denmark wamelifikisha mbali: kwenye nyumba za kijamii wapangaji wa kila eneo wana kamati yao ya kuchaguliwa, na mkutano wa wapangaji unapitisha bajeti ya eneo kila mwaka. Hatuwezi kuiga kila kitu, lakini mkutano mmoja wa bajeti kwa mwaka unawezekana hata bila sheria mpya.

Pia tujifunze kutoka Uingereza kwa uchungu. Jengo la Grenfell, London, liliungua Juni 14, 2017 wakafa watu 72. Lilikuwa chini ya taasisi iliyobeba jina la usimamizi wa wapangaji, na wakazi walikuwa wameshaandika hadharani Novemba 2016 kwamba usalama wa moto unapuuzwa. Sheria ya kuimarisha usimamizi wa nyumba za kijamii ilipita mwaka 2023. Mpangaji kukaa kwenye bodi hakukutosha. Kilichokosekana ni wajibu wa kujibu.

Kwa hiyo kwenye majengo yenu anzisheni daftari la hitilafu lenye safu tano: tarehe, hitilafu, aliyeripoti, aliyepokea, tarehe ya jibu. Kubalianeni na msimamizi muda wa kujibu kwa uzito: nyaya za umeme zilizo wazi, moshi au harufu ya gesi, siku hiyohiyo; maji kukatika jengo zima, saa 24; bomba linalovuja ndani ya nyumba, siku tatu; rangi na kabati, mwezi. Nakala ya daftari iende kwa mwenye nyumba kila robo mwaka. Mkikagua jengo kwa pamoja, angalieni ngazi ya dharura haijawekwa baiskeli na majiko, mlango wake haujafungwa kufuli, na vizimamoto vina tarehe ya ukaguzi. Hayo hayahitaji fedha.

---

AfisaJamii_Kati

Naongeza kalenda ya bajeti, maana mapendekezo mazuri yanafia hapo. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Vipaumbele vya mtaa vinatakiwa vifike kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla halmashauri haijafunga rasimu yake, kwa hiyo vikao vyenu vya fursa na vikwazo (vya kuibua vipaumbele vya mtaa) vifanyike Oktoba na Novemba. Mkikaa Machi, mnazungumzia mwaka unaofuata. Pelekeni vipaumbele vitatu, siyo kumi na tano, kila kimoja na eneo lake kwenye ramani, idadi ya kaya zitakazonufaika na mchango wa mtaa: nguvu kazi, kokoto, eneo la kituo cha maji. Ombi la "barabara zetu ni mbovu" halina mahali pa kuingia kwenye jedwali. "Kalavati kwenye korongo la nyuma ya shule, mita 6, kaya 140" lina mahali.

Diwani apewe nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Na rasimu ya halmashauri ikitoka, mwakilishi mmoja aende kuitafuta, aone kama kila kipaumbele chenu kipo au hakipo, na sababu ya kuachwa irudishwe kwa vikundi. Watu wanaacha kuja vikaoni kwa sababu hawaletewi majibu, hata jibu la hapana.

---

Kiongozi_Mpya

Swali la mwisho kwangu. Kwetu mchoro ulishachorwa kabla sijachaguliwa, sijui kama umeidhinishwa. Bado kuna la kufanya?

---

Mpima_Ipala

Lipo. Jumatatu nenda ofisi ya mipango miji ya jiji na barua ya mtaa, uliza vitu vitatu: namba ya mchoro, umefikia hatua gani, na nakala. Kama haujapita Kamati ya Mipango Miji ya halmashauri, omba usitishwe wiki tatu ili vikundi vipitie, na siku zile saba za kamba na vigingi zifanyike ndani ya wiki hizo. Ambatanisha orodha ya vikundi na tarehe za vikao, ili waone si mbinu ya kuchelewesha.

Kama umeshaidhinishwa lakini haujapimwa, marekebisho yanawezekana kwa maombi rasmi, ila yawe machache na yenye sababu: barabara inayogonga nyumba, eneo la wazi lililowekwa juu ya korongo, kiwanja cha shule kilichosahaulika. Sahihi za wote wanaoguswa ziwepo. Mkiomba mabadiliko 40 mtarudishwa nyuma ya foleni. Mkiomba manne yenye michoro na sahihi, yatasikilizwa.

Kama bikoni zimeshawekwa na ramani imeidhinishwa, barabara haisogei. Kilichobaki kuamuliwa na wakazi ni zile barabara zifunguliwe kwa mpangilio gani, mitaro ianzie upande upi, taa ziwekwe wapi, na maeneo ya wazi yalindwe vipi yasiuzwe. Hilo la maeneo ya wazi lianze wiki hii hii: yaorodhesheni kwa namba za viwanja kutoka kwenye mchoro, bandikeni orodha ofisi ya mtaa, na pandeni miti au wekeni kibao chenye namba hiyo kwenye kila eneo.